Jitu Lililoachwa Nyuma

Mumbua, jina lako linachapishwa kitabuni! Si daftari, si kadi ya kanisa. Ni kitabu chenye jalada na picha, na ndani yake kuna ukurasa mmoja mzima ulioandikwa juu kwa herufi kubwa: ZAMU YA MUMBUA. Mwende wangu ametengeneza mchezo, mchezo umekubaliwa, na wanaochapisha wamesema ukurasa huo hauguswi hata nukta. Nimeandika hilo kwanza kwa sababu ningeanza na salamu ningepasuka kabla sijafika.

Sasa salamu. Wi museo, mwana wa mwaitu? Hilo goti lako la kushoto linasemaje na hii baridi? Na mama yetu, mwaitu, bado ameiweka ile blanketi niliyomtumia sandukuni akisema ni nzuri mno kulalia? Mwambie blanketi si cheti cha ndoa. Shemeji naye kifua kimepoa? Nasikia mbaazi zimebeba mwaka huu mpaka matawi yanalala. Mimi huku Kitengela sina neno. Niko na afya, niko na kazi, niko na cherehani mbili sasa, na ya pili ni ya umeme. Nikipita sokoni watu hawasemi Kamene, wanasema Fundi, na wengine wanasimama. Upepo tu ndio unatusumbua, huu upepo wa nyanda usio na mlima wa kuushika. Unaingia chini ya mlango, unageuza vitambaa kana kwamba unatafuta rangi yake.

Utauliza mbona sikupiga simu. Nikikupigia unapanda juu ya lile jiwe ndio upate mtandao, unaniitikia "naam, naam," halafu kimya. Habari hii haiwezi kuambiwa mtu aliyesimama juu ya jiwe. Kaa chini. Mtafutie mwaitu kiti pia, umsomee.

Unakumbuka Mwende alipomaliza chuo alikaa bila kazi. Hakukaa bure, mtoto wangu si mvivu, alinishonea vifungo na kupiga pasi sare za shule. Lakini macho yake yalikuwa mbali. Nilidhani ni mvulana. Kumbe ni nchi. Msichana alikuwa na nchi nzima kichwani, na mito yake na milima yake, na watu ambao hawajazaliwa mahali popote. Jumapili tukitoka kanisani, duka likiwa limefungwa, anafagia mabaki ya vitambaa, anachukua chaki yangu ya fundi na kuichora hiyo nchi juu ya meza ya kukatia. Na meza yangu si kimeza. Ukitandaza juu yake kitambaa cha suti za wasimamizi sita wa harusi, bado kuna mahali pa kuweka chai.

Halafu marafiki zake wanakuja, wawili tu. Mmoja ni Nasteha, binti wa mzee mmoja anayeuza mbuzi, watu wa Garissa, na yeye mwenyewe ana duka la vyombo linalotazamana na langu. Ana ulimi, Mumbua! Akitaja bei ya sufuria, mteja ndiye anayeomba msamaha. Wa pili ni Saitoti, kijana wa Kimuka anayefanya kazi na wapima mashamba, yeye ndiye wa kushika ile fimbo yenye rangi mbili. Ni mrefu mpaka anainama mlangoni, na kila akiingia anasema, "Sopa, yieyo," yaani ananiita mama, na mimi naitikia "Ipa" kama Mmaasai wa kuzaliwa.

Mchezo wenyewe hauna ubao na hauna karata. Mwende ndiye msimulizi. Anasema, kwa mfano, "Mmefika mtoni, daraja limebebwa na maji. Mnafanya nini?" Kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi, na anasema huyo mtu wake atafanya nini. Kisha anarusha dadu, si ile ya ludo, hii ina pande ishirini, ndipo ajue kama amefaulu. Ukifaulu unapata pointi. Pointi zikijaa unapanda ngazi, na kwa kila ngazi unapata ujuzi mpya na uhai wako unaongezeka, ili ukipigwa usife haraka. Basi, ni hivyo tu. Mwanzoni nilikuwa nikiwacheka nikipiga pasi. Lakini baada ya Jumapili mbili nikajikuta nimesimama na pasi hewani, nangoja kusikia kama wamevuka, na kola ya mtoto wa watu inaungua.

"Mum, si ukae tu ucheze," Mwende akasema. "Tunahitaji mtu wa tatu."

"Niwe nani?"

Akaanza kunisomea. Kuna watu wa kawaida. Kuna watu wa mto, wepesi, wanapumua ndani ya maji. Kuna majitu, kimo cha mlingoti wa stima, mkono mmoja unang'oa mti na...

"Jitu," nikasema.

"Sijamaliza kusoma, Mum."

"Mimi nimemaliza kusikia."

Nasteha akapiga meza. "Nilijua! Mama Mwende ukishonewa hii Kenya yote kama gauni, utasema inakubana mabegani."

"Na wewe chagua wa mto," nikamwambia. "Hao ndio wana midomo mipana."

Sasa Mumbua, sijui kama nitaweza kukueleza hili jambo linalofuata. Mwende alianza kusimulia kwa ile sauti yake ya polepole, upepo ukipigapiga mabati, na mimi nikafunga macho. Nikawa mrefu. Nilihisi duka likishuka chini yangu, kama mtu anavyovua kiatu. Nikaiona Kitengela yote imetawanyika kama vifungo vilivyomwagika. Nikaweka mguu mmoja huku na mwingine karibu na Namanga, na mawingu yakanipita kiunoni, ya baridi na laini, kama shuka lililoanikwa asubuhi. Punda milia walikuwa wanakula majani kati ya vidole vyangu. Na mgongo haukuniuma. Miaka hii yote nimeinama juu ya cherehani, nikafikiri ndicho kimo nilichopewa na Mungu. Siku ile nilisimama wima.

Na nilitawala! Daraja lililobebwa na maji, nililiokota kule chini nikalirudisha. Saitoti nilimbeba kiganjani kama yai. Wiki nzima nikishona nilikuwa nakanyaga pedali kwa mguu wa jitu. Wateja waliniuliza mbona natabasamu, nikawaambia, nyinyi hamjui nilikuwa wapi Jumapili.

Lakini mchezo una haki yake, na hapo ndipo ubaya ulipojificha. Mwende alikuwa ameandika kwamba jitu linazaliwa na nguvu ambazo wengine wanazifikia baada ya kupanda ngazi tatu. Kwa hivyo hizo ngazi tatu zinahesabiwa kama jitu limeshazipanda. Pointi zinazompeleka mtu wa kawaida ngazi ya tano, mimi zinanifikisha ya pili tu. "Bila hivyo kila mtu atachagua jitu," akanieleza, na nikaona ni kweli. Ukipewa kitambaa kizito hulalamiki kwamba sindano inapita polepole.

Basi wakapanda. Nasteha ngazi ya tano, Saitoti ya tano, mimi ya pili. Na kadiri wanavyopanda, hatari wanazokutana nazo ni za watu wa ngazi ya tano. Mkono wangu bado uling'oa miti, lakini uhai wangu ulikuwa wa ngazi ya pili. Mshale mmoja, nimelala. Ujuzi nao sikuwa nao, mlango wa uchawi ukifungwa mimi nabaki nje nausukuma tu kama ng'ombe.

"Jitu limelala tena," Nasteha anasema. "Mama Mwende, chemsha tu chai, vita ikiisha tutakuamsha."

Nilicheka nao. Lakini Jumapili nyingine nikifunga macho sikuona mawingu. Niliona jitu limekaa bondeni, limekumbatia magoti, na sauti za wenzake zikizidi kuwa ndogo huko juu mlimani.

Mwende aliona. Akajaribu kunipa pointi za bure kila Jumapili, ili niwafikie. Nasteha akaweka dadu chini. "Zii! Amezaliwa na nguvu bure, sasa apewe na pointi bure? Si basi sisi wote tuwe majitu, mchezo uishe."

Hata Saitoti, ambaye hapendi maneno, akakohoa. "Samahani, yieyo. Lakini ni kama ng'ombe mnene kuruhusiwa kunywa maji kabla ya waliokonda."

Mwende akajaribu kulipunguza jitu, liwe fupi kidogo, na nguvu kidogo. Hapo mimi ndiye niliyekataa. Jitu la kimo changu mwenyewe nalitafutia nini? Huyo ninaye kila siku kwenye kioo.

Ndipo akaja Bi. Awino. Ni mama wa Nairobi anayechapisha michezo na kuiuza kwenye maduka ya vitabu, Mwende alikuwa amemwandikia. Mdogo, mkimya, miwani imefungwa uzi shingoni. Alikaa pembeni Jumapili nzima, akanywa chai yangu vikombe vitatu. Mwisho akasema, "Mwende, nchi yako ni nzuri. Nimeletewa nyingi, na hii naiota nikiwa macho. Lakini mwangalie mama yako."

Wote wakanigeukia. Mumbua, nilikuwa nashona kifungo. Vita inapiganwa mezani na mimi nimeshikilia shati la mtu.

"Mchezaji wako anashona vifungo katikati ya vita," akasema. "Hiyo ni kusema majitu yako yamekufa. Mtu akinunua mchezo huu, siku ya kwanza wote watataka jitu, na mwezi wa pili wote walio na jitu watabaki nyumbani. Ninayo nafasi moja tu mwaka huu na kuna kijana mwingine anaingoja. Nitarudi Jumapili ya tatu kutoka leo. Ukiwa umepata dawa, nachapisha. Ukiwa hujapata, nampa yeye."

Nilitaka kumfuata yule mama barabarani na mkasi. Lakini nikarudi ndani nikamkuta mtoto wangu anafuta nchi yake kwa kitambaa kilicholowa, polepole, mto baada ya mto, na nikajua si Bi. Awino. Ni mimi. Mimi niliyempa kila mtu hapa habari zake, niliyewaambia wanawake wa kanisa kwamba binti yangu anaandika kitabu, ndiye niliyemwonyesha mgeni mahali kilipotoboka.

Wiki ya kwanza akaandika, akachana. Wiki ya pili hakuandika. Alikuwa ameketi mbele ya karatasi za kukatia ruwaza akichora mistari inayopanda, inayopanda, na mmoja chini peke yake.

Siku ya soko la mifugo nilienda Bisil kupima watoto sare. Nilimaliza mapema, nikasimama nje na futi yangu shingoni. Ulikuwa ule wakati wa mchana ambapo joto linatikisa ardhi na kila kitu kilicho mbali kinaelea. Ng'ombe walikuwa wanapita kwa vumbi jekundu, kengele zao zikilia kama vijiko. Ng'ambo yao kulikuwa na vilima. Na Mumbua, kilima kimoja kilikuwa ni jitu langu limekaa, limenipa mgongo. Sikuogopa. Nilisema tu ndani yangu, kumbe uko hapa. Likageuza shingo polepole, vile kivuli cha wingu kinavyogeuka. Lilikuwa na uso wako. Kitambaa chako cha manjano kichwani, jembe begani, na jasho linashuka karibu na sikio. Ulikuwa na miaka kumi na tisa.

Mzee mmoja akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia, hapana, nimemwona dada yangu.

Niliporudi nilimsimulia Mwende habari ya mwethya, nikifumua pindo la sketi. Huyu mtoto amekulia huku, hajui. Nikamwambia vile wanawake wa kijiji tulivyojipanga kwenye mteremko kuchimba matuta ya kuzuia udongo, leo shamba la huyu, kesho la yule, kila mwanamke amepimiwa kipande chake kwa fimbo. Nikamwambia habari zako. Kwamba kila siku walikuwa wanasema, "Mumbua ana nguvu, mpeni penye mawe." Na wewe unachukua, husemi kitu. Jua likifika utosini sisi tumeshapanda mbali, na wewe, mwenye mikono ya watu wawili, bado unapambana na jiwe lilelile.

Na kwa sababu najijua, nikajisifu. "Siku ya shamba la mwaitu, mimi ndiye niliyemaliza wa kwanza. Niliwaacha hata wanawake wenye wajukuu."

Mwende akainua macho. "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Mtu akimaliza wa kwanza anafanya nini?"

"Anarudi. Mwethya ndiyo hiyo. Aliyemaliza anashuka kwa yule aliye nyuma, wanachimba pamoja mpaka mstari uwe sawa. Hakuna kwenda nyumbani mstari ukiwa umepinda."

"Na anayerudi anapoteza nini?"

"Anapoteza nini? Ndiye anayekula vizuri. Uji unapikwa mmoja, wa juu ni mwepesi, wanakunywa waliokaa. Ule mzito wa chini wanaachiwa wa mwisho na wale waliorudi kuwachukua. Wanakunywa kibuyu kimoja."

Aliiweka kalamu chini. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na siku hiyo, ulirudi kwa Aunty Mumbua?"

Mumbua, sindano ilisimama.

Sikurudi. Unajua sikurudi. Nilikaa chini ya mgunga na jembe langu safi, nangoja mwaitu apite anisifu mbele ya watu. Walishuka wengine, mke wa mwalimu akashuka na mimba yake. Mlipopanda, viganja vyako vilikuwa vimepasuka. Ulikunywa nusu ya ule uji mzito, nusu ukaniletea mimi chini ya mti, na nikaupokea. Sikusema asante. Nilifikiri ni haki yangu, mimi niliyekuwa wa kwanza. Pengine wewe umesahau. Mimi sikusahau, niliukunja mkunjo ule nikaupigia pasi kwa ndani usionekane. Nisamehe, mwana wa mwaitu. Nimeandika mistari hii miwili mara nne na huu ndio mwandiko bora nilioupata.

Nikamwambia mwanangu, "Sikurudi."

Hakunihukumu. Alinitazama kwa yale macho yake ya mbali, halafu akasimama ghafla mpaka kopo la pini likamwagika. "Kibuyu kimoja," akasema. "Mum, wanakunywa kibuyu kimoja!"

Na kanuni ikawa hivi. Jitu linaanza nyuma vilevile, haki ni haki, na halipewi pointi ya bure hata moja. Lakini aliye mbele anaweza kuiacha zamu yake ya kusonga, akarudi kwa jitu, wakafanya pamoja kazi ngumu iliyo mbele ya jitu. Wanarusha dadu zote mbili, inahesabiwa ile kubwa. Wakifaulu, jitu linapata pointi mara mbili, na aliyerudi anapata nyingi kuliko ambazo angepata akisonga peke yake. Wakishindwa, wanaumia wote. Jitu haliruhusiwi kuita. Anayerudi anarudi kwa kupenda. Na jitu likibakisha ngazi moja kuwafikia wenzake, msaada unakoma, linatembea lenyewe.

Nasteha alisoma ile karatasi mara mbili akitafuta wizi. "Kwa hivyo mimi pia nakula?"

"Unakula zaidi," Mwende akasema.

"Ukinidanganya nitajua."

Bi. Awino akarudi Jumapili ya tatu. Sikushona. Niliweka mikono yangu mezani kama mtu wa kupigwa picha. Mwende alichora mlima mkubwa, na lango juu, na bonde chini. Nasteha na Saitoti walikuwa tayari langoni. Mimi nilikuwa bondeni, mgongo wangu umezuia maporomoko ya mawe yasizibe mto, na kwa uhai wangu ule mdogo nilikuwa nimebakiwa na zamu moja kabla ya kufa.

"Lango liko wazi," Mwende akasimulia. Sauti yake haikutetemeka, ila chaki ilivunjika mkononi. "Ndani kuna mwanga. Nasteha, ni zamu yako."

Nilifunga macho. Nikasikia upepo, na kwa mbali watu wa kanisa la jirani wakiimba pambio moja bila kulimaliza. Mawe yalikuwa mazito mgongoni, Mumbua, nakuambia yalikuwa mazito. Na sikuruhusiwa kuita.

Nasteha alilitazama lango. Akanitazama. Akavuta pumzi kama mtu anayepunguza bei. "Aki Mama Mwende, utanichelewesha mpaka mbinguni. Nashuka."

Na nikaona. Macho yangu yakiwa yamefungwa, niliona miguu midogo ikishuka ule mlima, inateleza, vumbi linapanda nyuma yake, mwanamke mmoja mdogo anashuka kumfuata aliye mkubwa kuliko nyumba. Akaja akaweka bega lake chini ya jiwe, kando ya goti langu, mahali alipofika. Nikajua sasa unavyohisi mtu akishuka kukusaidia. Nimechelewa miaka thelathini kujua.

Tukarusha. Yangu ilianguka nne. Yangu ingetuua. Ya Nasteha ikazunguka, ikapita kwenye mto wa chaki, ikagonga mkasi, ikalala kumi na nane.

Saitoti aliruka juu akagonga taa. Nasteha alikuwa amenishika shingo anapiga kelele, "Amka, jitu! Amka! Nimekuja na miguu yangu!" Na mimi, mtu mzima, shemasi wa kanisa, nilikuwa nalia juu ya meza yangu ya kazi.

Bi. Awino alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso yake. Hatukujua anafikiri nini. Kisha akavuta kiti mpaka mezani akamsukuma Saitoti kwa kiwiko. "Sogea. Nipeni karatasi na kalamu."

"Unataka kuandika ripoti?" Mwende akauliza.

"Nataka jitu," akasema.

Tulicheza mpaka chai ikaisha na maziwa yakaisha. Alipokuwa anaondoka aliuliza, hiyo kanuni inaitwaje. Mwende akanitazama. Nikasema kabla sijafikiri, "Zamu ya Mumbua. Ni dada yangu mkubwa, yuko Mutito, na mikono yake ni mara mbili ya yangu." Akaandika. Akaniuliza tahajia, nikamtajia herufi moja moja kama mwalimu.

Kwa hivyo hatukukuomba ruhusa. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Mwende yeye anasema wewe ndiye shujaa wa kitabu, na amekuchora pembeni ya ukurasa, mkubwa kama jiwe la Nzambani, na kitambaa cha manjano.

Sasa sikiliza. Sanduku la kwanza la michezo likitoka kwa mchapishaji halifunguliwi Nairobi. Linafunguliwa hapa, juu ya meza yangu, na Mwende amekataa kukata kamba yake kabla hujafika. Najua utasema goti. Najua pia kwamba miaka hii yote hujawahi kuona ninapoishi, na kila ulipotaka kuja nilisema chumba ni kidogo. Chumba hakikuwa kidogo, nilikuwa nangoja kwanza kipendeze. Basi usianze safari peke yako. Nitafunga duka Alhamisi ya wiki ya kulifungua, nije huko Mutito mwenyewe, nilale kwako siku moja, halafu tupande gari wote, wewe ukiwa dirishani na mguu umenyooshwa. Nguo ya siku hiyo usinunue. Nipe kipimo cha kiuno tu, mengine nayajua.

Msalimie mwaitu, mwambie na yeye ana kiti, na blanketi aje nayo. Msalimie shemeji, mume wako mvumilivu, Saitoti atamtafutia mbuzi mzuri kwa watu wake. Msalimie mke wa mwalimu kama bado ananikumbuka, na yule mtoto aliyekuwa tumboni siku ile, nasikia sasa ni baba wa watu, aje naye. Msalimie kaka yetu mdogo, fundi wa baiskeli, mwambie mpwa wake amemshinda umaarufu. Wifi, binamu, kwaya yenu yote, asibaki mtu wa kusimuliwa. Nasteha anapika pilau na amesema hataki kusikia habari ya watu wachache.

Ni mimi mdogo wako Kamene, mama yake Mwende, nikiwangoja nyote mezani Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane.